Namna ya Kukipata na Kukisoma Kijitabu cha Marekani cha Karne ya 19: Mwongozo Kamili

Ujumbe ninaoupokea mara nyingi kutoka kwa wanafunzi ni huu: "Nimeitafuta ile hotuba ya Frederick Douglass kuhusu Julai 4 kwenye katalogi ya maktaba, sijaiona." Douglass alikuwa Mmarekani Mweusi aliyetoroka utumwa akawa msemaji mashuhuri dhidi yake, na Julai 4 ni siku ya uhuru wa Marekani. Wengine wanatafuta kijitabu cha David Walker, Mweusi wa Boston aliyepinga utumwa, wengine cha Ida B. Wells, mwandishi wa habari Mweusi aliyepinga mauaji ya Weusi mikononi mwa makundi ya watu, na wote wanaishia palepale. Wanapata makala za watu waliokizungumzia kijitabu, lakini chenyewe hawakioni. Wapo walioandika tasnifu nzima kwa kunukuu tovuti zilizonukuu tovuti nyingine.

Vijitabu hivyo vipo. Vinatunzwa katika makusanyo maalumu ya maktaba, yaani idara za vitu adimu na vya zamani, na vingi vimeshapigwa picha na kuwekwa mtandaoni bure. Kinachowakwamisha wasomaji ni kimoja: wanakitafuta kijitabu kwa jina kilichokuja kupewa na umaarufu, wakati maktaba imekiandikisha kwa maneno yaliyochapwa kwenye ukurasa wake wa mwanzo siku kilipotoka.

Nitaishika hotuba hiyo ya Douglass kama mfano tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho, maana ndiyo inayowashinda wengi. Ukiweza kuipata hiyo, utapata na nyingine.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Kompyuta yenye intaneti. Simu inafaa kwa kutafuta, lakini kusoma kurasa zilizopigwa picha kwenye kioo kidogo kutakuchosha na utaruka maneno.
- Daftari na penseli. Penseli si hiari. Ukifika kwenye chumba cha kusomea, kalamu ya wino hairuhusiwi.
- Anwani ya barua pepe yenye jina lako halisi, ambayo huna mpango wa kuiacha. Majibu ya maktaba huweza kuchukua siku nyingi.
- Kamusi nzuri ya Kiingereza, inayotoa na maana za zamani za maneno.
- Kitambulisho chenye picha, kama unakwenda mwenyewe. Kwa mgeni, pasipoti.
- Akiba kidogo ya fedha, ikiwa itabidi kuagiza picha za kurasa ambazo bado hazijawekwa mtandaoni. Kusoma zilizokwisha wekwa hakuna malipo.

Neno kijitabu hapa lina maana ya chapisho la kurasa chache, lisilo na jalada gumu, lililoshonwa kwa uzi ubavuni au kwenye mkunjo. Hotuba, mahubiri, ripoti za mwaka za vyama, barua za wazi, rufaa kwa wananchi: vyote vilitoka kwa umbo hilo. Ukitafuta kitabu kinene, unaweza kukipita kijitabu bila kukitambua.

## Hatua ya 1: Andika unachokijua, kitenge na unachokidhania

Chora mistari minne kwenye daftari: nani, lini, wapi, nani alipiga chapa. Jaza kila mstari kwa kile ulichokiona kwenye chanzo cha kuaminika. Palipo na shaka weka alama ya kuuliza.

Tuichukue hotuba yetu. Nani: Frederick Douglass. Lini: wengi wataandika Julai 4, 1852. Hapo ndipo kosa la kwanza linapoingia. Julai 4 mwaka huo iliangukia Jumapili, na Douglass alizungumza siku iliyofuata, Julai 5. Wapi: ukumbi wa Corinthian, mjini Rochester, jimbo la New York. Nani alipiga chapa: Lee, Mann & Co., wa mji huohuo, mwaka huohuo. Waliomsikiliza waliomba hotuba itolewe kama kijitabu, na nakala 700 ziliagizwa papo hapo ukumbini.

Sasa jina. Ulimwengu unaiita "What to the Slave is the Fourth of July?" Maneno hayo hayamo kwenye ukurasa wa jina wa kijitabu. Yaliwekwa kama kichwa cha dondoo la hotuba hiyo mwishoni mwa kitabu cha Douglass cha mwaka 1855, *My Bondage and My Freedom*. Kijitabu cha 1852 chenyewe kinajitambulisha hivi: "Oration, Delivered in Corinthian Hall, Rochester, by Frederick Douglass, July 5th, 1852."

Soma tena jina hilo. Halina neno utumwa. Halina neno uhuru. Ndiyo maana ulipoandika "slave" na "Fourth of July" kwenye kisanduku cha jina la kazi, katalogi ilikujibu kwamba haina kitu. Katalogi haikukosea.

Tahadhari: usijaze mstari kwa kubahatisha. Tarehe moja ya uongo itakuharibia utafutaji wote unaofuata.

Utajua umefaulu ukiwa na mistari mitatu kati ya minne isiyo na alama ya kuuliza.

## Hatua ya 2: Tafuta kwa maneno ya wakati ule

Wachapaji wa karne ya 19 walikuwa na msamiati wao wa ukurasa wa jina, na ulijirudia sana. Hotuba ya sherehe iliitwa "oration". Hotuba ya kawaida "address" au "speech", na maneno mafupi bungeni au mkutanoni "remarks". Mahubiri yaliitwa "sermon" au "discourse". Kumbukumbu za mkutano zilikuwa "proceedings" au "minutes". Kuna "appeal", "letter", "tract", "narrative", na "annual report". Andika maneno haya mahali, utayatumia kila mara.

Majina ya watu nayo hubadilika. Ida B. Wells alitoa *Southern Horrors* mwaka 1892 kwa jina hilo. Akaolewa mwaka 1895, na katalogi nyingi zinamweka chini ya Wells-Barnett hata kwa kazi alizozitoa kabla ya ndoa. Douglass mwenyewe hakuijua tarehe yake ya kuzaliwa. Orodha za zamani zinaandika 1817 na za sasa 1818. Ukitafuta kwa jina pamoja na mwaka wa kuzaliwa, jaribu yote mawili.

Vyama navyo huwa waandishi. Ripoti za mwaka za American Anti-Slavery Society, chama cha kupinga utumwa kilichoanzishwa mwaka 1833, zimeandikishwa chini ya jina la chama, hata pale ambapo tunamjua katibu aliyeziandika. Kama umemtafuta mtu ukamkosa, tafuta chama chake.

Halafu kuna maneno yanayouma. Wakati ule Wamarekani Weusi waliitwa, na wengi wao walijiita, "colored" au "coloured". Walker aliandika kwa "Coloured Citizens of the World". Ukitafuta kwa "African American" kwenye majina ya vijitabu vya 1830 karibu hutapata kitu, kwa kuwa jina hilo lilikuwa nadra sana siku hizo. Utakutana pia na matusi ya wazi kwenye vijitabu vya watetezi wa utumwa. Yasome ukijua ni ushahidi. Usiyasafishe unaponakili, wala usiyabebe kwenye maneno yako mwenyewe.

Utajua umefaulu ukiwa na orodha ya maneno sita au saba ya kutafutia ambayo yangeweza kuchapwa mwaka huo.

## Hatua ya 3: Tafuta kwa ngazi, usirukeruke

Wengi huanzia Google na kuishia hapo. Google huona kurasa za tovuti. Yaliyomo ndani ya katalogi za maktaba huyaona kwa kiasi kidogo tu. Nenda kwenye katalogi zenyewe, kwa mpangilio huu.

*Ngazi ya kwanza: hazina kubwa za kidijitali.* HathiTrust, Internet Archive, na tovuti ya Library of Congress, yaani Maktaba ya Bunge la Marekani. Fungua ukurasa wa utafutaji wa kina, usitumie kile kisanduku kimoja cha mbele. Jaza mwandishi, neno moja tu la jina ("oration"), na mwaka kuanzia 1852 hadi 1852. Kadiri unavyojaza maneno machache yaliyo sahihi, ndivyo unavyopata zaidi.

*Ngazi ya pili: makusanyo yanayojulikana kwa vijitabu.* Chuo Kikuu cha Cornell, Ithaca, kina mkusanyiko wa Samuel J. May, mchungaji aliyepinga utumwa ambaye mwaka 1870 aliwakabidhi vijitabu vyake. Leo ni zaidi ya 10,000. Library of Congress ina vijitabu vya Daniel Murray, mkutubi Mweusi wa maktaba hiyo aliyekusanya kazi za Wamarekani Weusi kwa maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 na akaendelea kukusanya. Mkusanyiko wake uliachiwa maktaba alipofariki mwaka 1925. Nitasema wazi: kwa msomaji wetu anayeanza, huo wa Murray ndio ningeufungua kwanza. Humo Wamarekani Weusi wanajizungumzia wenyewe.

Kwa vitu adimu zaidi kuna American Antiquarian Society, Worcester, iliyoanzishwa mwaka 1812, na Library Company of Philadelphia, ya tangu 1731. Na usisahau mji wenyewe. Kijitabu kilichochapwa Rochester kitafute Chuo Kikuu cha Rochester. Watu walihifadhi vya kwao.

*Ngazi ya tatu: WorldCat.* Hii inakusanya katalogi za maktaba nyingi na kukuonyesha nani ana nakala. Itumie mwisho, pale ngazi mbili za kwanza zinapokuacha mkono mtupu, kwa kuwa inatoa taarifa nyingi zinazojirudia.

Wanaoniuliza kuhusu Zanzibar wana njia tofauti kidogo. Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, konseli wa kwanza Richard Waters akafika Unguja mwaka 1837, na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, ndio walioleta kile kitambaa tunachokiita hadi leo merikani. Karatasi za watu hao wa Salem zimo Phillips Library, ambayo ni ya Peabody Essex Museum na sasa ipo Rowley, jimbo hilohilo. Nyingi ni barua na daftari za meli zilizoandikwa kwa mkono, kwa hiyo hatua za 1, 6 na 7 zitakufaa zaidi kuliko hizi za katikati.

Utajua umefaulu ukiwa na taarifa ya katalogi, yaani ule ukurasa mmoja wa maelezo ya nakala moja katika maktaba moja, pamoja na namba yake ya rafu.

## Hatua ya 4: Isome taarifa ya katalogi neno kwa neno

Hapa ndipo nawaomba mtulie. Nimeona watu wakiipata taarifa sahihi, wakaipita kwa sekunde tatu, kisha wakaagiza kitu kisicho sahihi.

Mabano ya mraba yana maana. Ukiona mwaka umeandikwa [1852], mkutubi anakuambia kwamba mwaka huo haukuchapwa kwenye kijitabu, ameutoa kwingine. Ukiona [1852?], hana uhakika. Usinukuu mwaka huo kana kwamba umechapwa.

"S.l." ni kwamba mahali pa kuchapia hapajulikani. "S.n." ni kwamba mchapishaji hajulikani. Vijitabu vingi vilivyoogopwa vilitolewa hivyo kwa makusudi, kwa hiyo ukimya huo wenyewe ni habari.

"Cover title" maana yake ni kwamba hakuna ukurasa wa jina ndani, na jina limechukuliwa juu ya jalada la karatasi. "Caption title" ni kwamba jina limetolewa juu ya ukurasa wa kwanza wa maandishi. Ukiona maneno hayo, usihangaike kutafuta ukurasa wa jina kwenye picha ukidhani umechanwa.

"Bound with" ndilo neno linalowapoteza wengi kuliko yote. Maktaba za zamani zilikusanya vijitabu kumi, kumi na tano au ishirini, zikavijalidi pamoja kama kitabu kimoja. Mgongoni pameandikwa tu "Pamphlets" na namba. Kijitabu chako kinaweza kuwa cha saba ndani yake. Namba ya rafu itakuwa ya kitabu kizima, ikifuatiwa na namba ya nafasi yake ndani. Nakili zote mbili.

Mwisho, angalia umbo. "Microform" ni filamu yenye picha ndogo sana za kurasa, inayosomwa kwa mashine. "Electronic resource" ni nakala ya kidijitali, na mara nyingi taarifa yake imenakiliwa kutoka kwenye ile ya karatasi, kwa hiyo idadi ya kurasa na urefu kwa sentimita vitaonekana kana kwamba maktaba ina kijitabu chenyewe. Kumbe haina. Kama unataka kuikuta karatasi, hakikisha maneno hayo hayapo.

Tahadhari: usisafiri kwenda maktaba yoyote kwa kutegemea taarifa ambayo hujaisoma hadi mstari wa mwisho, ule unaoonyesha hali ya nakala. Pengine imeandikwa pale kwamba ipo kwa mafundi wa ukarabati.

Utajua umefaulu ukiweza kumweleza mtu mwingine, bila kuangalia, kama maktaba hiyo ina karatasi, filamu au picha, na kama kijitabu kimesimama peke yake au kimejalidiwa na vingine.

## Hatua ya 5: Jua umeshika toleo lipi

Kijitabu kilichopendwa kilichapwa tena, na mara nyingi kilibadilishwa. David Walker alitoa *Appeal* yake Boston mwaka 1829, na kufikia 1830 ilikuwa imefika toleo la tatu, akiwa ameongeza na kurekebisha maneno. Mwaka huohuo wa 1830 akafariki. Mwaka 1848 Henry Highland Garnet, mchungaji Mweusi aliyepinga utumwa, akaichapa upya pamoja na hotuba yake mwenyewe. Anayesema tu "Walker anasema" hajatuambia Walker yupi.

Kwa Douglass, tofauti ni kubwa zaidi. Kijitabu cha 1852 kina hotuba nzima. Kitabu cha 1855 kina dondoo tu. Maandishi mengi yanayozunguka mitandaoni yamekatwa kutoka kwenye dondoo hilo, kwa hiyo sehemu ndefu ya mwanzo, ambapo Douglass anawasifu waasisi wa taifa lile kabla ya kugeuka na kuushutumu utumwa, haimo. Hasara hiyo ni kubwa. Bila sifa zile, mgeuko hausikiki.

Fanya hivi: fungua nakala mbili upande kwa upande. Linganisha ukurasa wa jina, sentensi ya kwanza, sentensi ya mwisho, na idadi ya kurasa. Vitu hivyo vinne vinatosha kugundua tofauti nyingi. Ukiona "third edition" au "revised", iandike.

Utajua umefaulu ukiweza kujaza sentensi hii: "Ninasoma toleo la mwaka fulani, lililochapwa na fulani, mji fulani."

## Hatua ya 6: Soma picha zote, si maandishi tu

Tovuti nyingi hukupa vitu viwili: picha za kurasa, na maandishi ambayo mashine imeyasoma kutoka kwenye picha hizo. Maandishi ya mashine ni ya kutafutia. Ya kunukuu ni picha. Herufi zilizofifia, madoa ya kahawia na neno lililokatwa mwisho wa mstari huichanganya mashine. Ukitafuta neno ukalikosa, hujathibitisha kwamba halimo.

Anzia kwenye jalada la mbele, hata kama halina maandishi. Angalia juu kulia: mara nyingi mwenye kijitabu aliandika jina lake hapo kwa wino. Angalia mihuri ya maktaba. Kisha nenda mwisho kabisa. Ndani ya jalada la nyuma huwa kuna matangazo, bei, au orodha ya vijitabu vingine vya mchapishaji. Nilipoanza kazi hii nilikuwa naziruka kurasa hizo, na najuta, kwa sababu ndizo zinazokuambia kijitabu kiliuzwa wapi na kwa watu gani.

Namba za kurasa zina mtego. Namba inayoonyeshwa na tovuti ni ya picha, na jalada limehesabiwa. Namba ya kunukuu ni ile iliyochapwa kwenye karatasi. Kama kijitabu kimo ndani ya kitabu kilichojalidiwa, tofauti kati ya namba hizo mbili inaweza kufika mamia.

Pakua ukurasa wa jina, ukurasa unaounukuu, na wa mwisho. Nakili kiungo cha kudumu. Tovuti nyingi zina kitufe chake. Anwani iliyoko juu ya kivinjari inaweza kubadilika kesho.

Utajua umefaulu ukiwa na picha tatu kwenye folda moja, kila moja ikiwa na jina linaloeleweka, na kiungo kinachofunguka hata ukitumia simu ya mtu mwingine.

## Hatua ya 7: Kama hakipo mtandaoni, iandikie maktaba

Kila idara ya makusanyo maalumu ina anwani ya kupokea maswali. Wakutubi hawa hujibu, na hujibu vizuri, hata kwa mtu aliyeko Mbeya au Kisumu asiye na chuo nyuma yake. Ila wanajibu swali lililoulizwa.

Sisi tumelelewa kuanza na salamu ndefu na kumjulia mtu hali ya nyumbani kabla ya kutaja shida. Kwenye barua hii, salimia mara moja kwa heshima, kisha taja jambo lako kwenye sentensi ya kwanza. Kwao huko si kukosa adabu. Ndiyo njia ya kuwasaidia wakusaidie.

Weka haya, kwa Kiingereza rahisi: jina lako na ulipo, jina la kijitabu kama lilivyo kwenye katalogi, namba ya rafu, pamoja na ya nafasi ndani ya kitabu, kurasa unazozihitaji, ni za kazi gani, na siku ya mwisho unayozihitaji. Uliza kama kuna malipo kabla ya kazi kuanza. Swali moja kwa barua moja.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kunionyesha barua aliyoituma: aliomba "kila kitu mlicho nacho kuhusu utumwa". Alikaa miezi akisubiri. Tuliiandika upya kwa kijitabu kimoja na kurasa nane, na jibu likaja.

Utajua umefaulu ukipata jibu lenye bei, au kiungo, au jina la maktaba nyingine. Hata hilo la tatu ni ushindi. Rudi hatua ya 3 nalo.

## Hatua ya 8: Ukifika kwenye chumba cha kusomea

Weka miadi kabla ya kusafiri na uagize vitu mapema, kwani vingine hutunzwa kwenye jengo lingine. Ukifika utasajiliwa, utaacha begi, koti na chupa ya maji kwenye kabati. Utaingia na penseli, karatasi, na kwa kawaida kompyuta na simu.

Nawa mikono, uikaushe vizuri. Usidai glavu nyeupe. Sinema zimewazoesha watu kuziona, lakini kwenye karatasi glavu ya kitambaa inakunyima hisia za vidole, na ukurasa unachanika bila wewe kujua. Mikono misafi na mikavu ni salama zaidi.

Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Kijitabu cha mwaka 1829 mara nyingi kina karatasi imara kuliko cha 1892. Cha zamani kilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, na nyuzi zake ni ndefu. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 viwanda vilihamia kwenye mbao, na karatasi hiyo ikabaki na asidi inayoila kutoka ndani. Inageuka rangi ya chai, kisha inavunjika kama kaukau pembeni. Kwa hiyo ukipewa Walker na Wells siku moja, huyu wa pili ndiye wa kushikwa kwa uangalifu zaidi.

Kiweke kijitabu juu ya mito ya sponji utakayopewa, na usikifungue hadi kilale bapa. Vilivyoshonwa ubavuni havikukusudiwa kufunguka hivyo, na uzi utakata karatasi. Geuza ukurasa kwa kushika pembe ya juu, polepole. Usilambe kidole. Kushikilia ukurasa, tumia ile kamba nzito iliyovikwa kitambaa, wala usiukandamize kwa kiganja.

Ukikuta kurasa ambazo hazijakatwa, yaani bado zimeungana kwenye mkunjo tangu kiwandani, usizitenganishe. Mwite mkutubi. Vivyo hivyo ukiona pini iliyoota kutu, ukungu, au kipande kilichodondoka. Hata kipande kidogo kama ukucha usikipeperushe, kionyeshe. Hakuna atakayekulaumu kwa kusema. Kukificha ndiko kunakoleta madhara.

Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na uzime mwanga wa kamera. Picha ya kwanza iwe ya karatasi yenye namba ya rafu. Ukirudi nyumbani na picha mia mbili, hiyo ndiyo itakayokuokoa.

Utajua umefaulu ukikirudisha kijitabu kikiwa katika mpangilio uleule ulichokipokea nacho, nawe una kumbukumbu zilizokamilika kiasi cha kutohitaji kukiomba tena.

## Hatua ya 9: Andika marejeo yanayofuatika

Marejeo ya kijitabu yanahitaji kitu kimoja zaidi ya kitabu cha kawaida: nakala yenyewe ipo wapi. Nakala mbili za kijitabu kimoja zinaweza kutofautiana jalada, matangazo, hata kurasa.

Kwa mfano wetu, andika hivi kwa mpangilio: Frederick Douglass; *Oration, Delivered in Corinthian Hall, Rochester*, Julai 5, 1852; Rochester, Lee, Mann & Co., 1852, namba ya ukurasa uliochapwa, jina la maktaba, namba ya rafu, kiungo cha kudumu, na tarehe uliyokisoma. Jina maarufu unaweza kulitaja kwenye maelezo yako, ila lisichukue nafasi ya jina la kweli.

Kuhusu hakimiliki: vijitabu vilivyochapishwa Marekani katika karne ya 19 havina tena hakimiliki nchini humo, kwa hiyo unaweza kuvinukuu, kuvitafsiri kwa Kiswahili na kuvichapa. Tafsiri hasa naiombea. Hotuba hii ya Rochester inastahili kusomwa shuleni kwetu kwa ukamilifu wake. Maktaba inaweza kukutaka uitaje kama mwenye nakala. Fanya hivyo. Barua na miswada ambayo haikuchapishwa ina kanuni tofauti, kwa hiyo iulizie maktaba kwanza.

Kisha fanya jaribio hili kabla ya kufunga daftari. Mpe rafiki marejeo yako tu, bila maelezo mengine. Mwambie akifungue kijitabu na akusomee kwa simu sentensi ya kwanza ya ukurasa ulioutaja. Akiweza, kazi imekwisha. Akikwama, muulize amekwama wapi, na uandike kile kilichokosekana.